Kuhama au Kubaki: Uamuzi wa Kaya Kabla ya Kimbunga

Katika muda wa miaka 5 tu, wakazi wa pwani ya Tanzania, hususan wa kusini, walipewa tahadhari ya vimbunga 3. Aprili 2019 kilikuja Kenneth, Aprili 2021 kikafuata Jobo, na Mei 2024 kikaja Hidaya. Kila mara swali lile lile lilizuka katika nyumba zilizo karibu na bahari na kando ya mito: je, familia ihame, au ibaki nyumbani ingoje hali ipite?

Yaliyotokea mara hizo 3 hayakufanana. Kenneth kilitua Msumbiji, takriban kilomita 200 kusini mwa mji wa Mtwara, na upande wa Tanzania ukasalimika kwa kiasi kikubwa. Jobo kilipoteza nguvu baharini kabla ya kufika nchi kavu. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimeanza kudhoofu, lakini mvua yake ilileta mafuriko na kuikata barabara kuu ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara katika Wilaya ya Kilwa, safari zikasimama kwa siku kadhaa.

Mkazi aliyeyashuhudia yote haya anaweza kujifunza mambo mawili yanayopingana. Anaweza kusema kwamba tahadhari za mara mbili za mwanzo zilikuwa bure, kwa hiyo na ya nne itakuwa hivyo hivyo. Au anaweza kuona kwamba kimbunga kilichodhoofika kiliwaacha watu bila barabara, na kwamba kisichodhoofika kingeleta makubwa zaidi. Makala haya yanaeleza namna kaya inavyoweza kufikia uamuzi wa busara pasipo kutegemea bahati wala uvumi. Msingi wake ni mmoja: uamuzi wa kuhama au kubaki hautokani na jina la kimbunga, bali na mahali nyumba iliposimama, jinsi ilivyojengwa, na watu waliomo. Mambo hayo 3 yanaweza kujulikana leo, kabla wingu lolote halijaonekana.

Kwa nini vimbunga ni nadra, na kwa nini si hadithi

Kimbunga hupata nguvu zake kutoka katika bahari yenye joto la takriban nyuzi 26 na nusu au zaidi. Maji huvukizwa, hewa hupanda, na upepo huzunguka kuelekea katikati. Mzunguko huo hutokana na kuzunguka kwa dunia, na athari yake ni hafifu karibu na ikweta. Ndiyo maana Msumbiji na Madagascar, zilizo mbali zaidi na ikweta, hupigwa mara nyingi ilhali Tanzania hupigwa mara chache.

Lakini nadra si kutokuwepo. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu kwa wingi na kuzamisha vyombo bandarini. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Tukizingatia miezi, jambo moja linajitokeza: 1872, 1952, 2019 na 2021 ni Aprili, na 2024 ni mwanzoni mwa Mei. Huu ndio wakati wa masika, ambapo ardhi imekwisha kulowa na mito imejaa. Mwaka 2024 bonde la Rufiji lilikuwa tayari na mafuriko mwezi Aprili, wiki chache kabla ya Hidaya. Mvua ya kimbunga inaponyesha juu ya ardhi iliyoshiba maji haizami chini. Hutiririka yote kuelekea mabondeni.

Hatari 3 zisizofanana

Watu wengi wanaposikia neno kimbunga huwaza upepo. Upepo ni hatari ya kweli, lakini ni mojawapo tu kati ya 3, na kwa kawaida siyo inayoua watu wengi zaidi. Maji ndiyo yauayo zaidi, nayo huja kwa njia mbili: kutoka baharini na kutoka juu.

Kwanza ni upepo. Wataalamu wa ukanda huu wa Bahari ya Hindi huita dhoruba kuwa kimbunga kamili pale upepo wake unapofikia kilomita 118 kwa saa. Ikumbukwe kwamba kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, msukumo wake huongezeka mara 4. Paa lililostahimili upepo wa kilomita 60 kwa saa halijathibitisha kwamba litastahimili wa kilomita 120. Bati lililong'oka, nazi kavu na vipande vya mbao hurushwa kwa nguvu za kuua.

Pili ni bahari. Upepo mkali ukivuma kuelekea pwani kwa saa nyingi huyasukuma maji na kuyarundika ufukweni, yakapanda nchi kavu kupita kiwango cha kawaida. Urefu wake hutegemea pia wakati. Katika pwani ya Tanzania tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua inaweza kuzidi mita 3. Dhoruba ikifika wakati wa maji kupwa, ufukwe huweza kuyabeba maji hayo bila madhara makubwa. Ikifika wakati wa maji kujaa siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yale yale huingia majumbani. Wavuvi na wazee wa pwani wanaijua hesabu ya maji kuliko mtu yeyote, na ujuzi wao una nafasi katika kikao chochote cha tahadhari.

Lipo jambo jingine ambalo mkazi wa pwani ya mashariki ya Afrika anapaswa kulifahamu. Kusini mwa ikweta, upepo wa kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kwa hiyo kimbunga kinapotoka baharini kuelekea magharibi, maeneo yaliyo kusini ya kitovu chake hupigwa na upepo unaotoka baharini kwenda nchi kavu, na yale ya kaskazini hupata upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Kenneth kilipotua Msumbiji, Mtwara ilikuwa upande wa kaskazini, yaani upande wenye nafuu ya bahari. Lau kingetua kaskazini mwa Mtwara kwa umbali mdogo, habari ingekuwa nyingine. Ndiyo kusema kwamba kusalimika kwa mwaka 2019 hakukuonyesha uimara wa nyumba za Mtwara. Kulionyesha tu njia kimbunga kilimopita.

Tatu ni mvua. Hii haihitaji kimbunga kikali. Dhoruba dhaifu inayosimama mahali pamoja yaweza kumwaga maji mengi kuliko kimbunga kikali kinachopita kwa kasi. Kenneth kilitua tarehe 25 Aprili 2019, lakini mji wa Pemba, ule wa Msumbiji, ulikumbwa na mafuriko siku chache baadaye, wakati upepo umekwisha tulia na watu wakidhani hatari imepita. Mwezi mmoja kabla, kimbunga Idai kilipiga Beira, na mafuriko ya mito Buzi na Pungwe yaliyofuata yaligeuza mashamba kuwa bahari. Zaidi ya watu 600 walifariki nchini Msumbiji.

Kwa ufupi, kuta imara huweza kumkinga mtu dhidi ya upepo, lakini hazimkingi dhidi ya maji. Upepo mtu anaweza kujificha ndani mpaka upite. Maji hayana maficho. Salama yake ni kuyaondokea mapema.

Maswali 4 ya kaya

Swali la kwanza ni la ardhi: je, maji ya bahari au ya mto yamewahi kufika hapa, au karibu na hapa? Asiulizwe mwenye nyumba aliyehamia miaka 10 iliyopita; waulizwe wazee wa kitongoji. Nyumba zilizo ufukweni, katika mdomo wa mto, pembezoni mwa mikoko, katika mabonde ya Rufiji, Matandu, Mbwemkuru, Lukuledi au Ruvuma, au katika mkondo wa maji ya mvua uliokauka kwa sasa, zote ziko mahali pa maji. Mkazi wa nyumba ya namna hii ahame tahadhari kubwa inapotolewa, hata kama nyumba yake ni ya matofali na zege.

Swali la pili ni la njia: je, kuna daraja, kalavati au kivuko ambacho kikikatika, kaya itakuwa imefungiwa? Nyumba yenyewe inaweza kuwa juu ya kilima, lakini ikiwa imezungukwa na maji kwa siku 5, mgonjwa hatafika zahanati wala chakula hakitafika dukani. Kaya yenye mjamzito aliyekaribia kujifungua, au mgonjwa anayehitaji huduma za mara kwa mara, isisubiri daraja lichukuliwe.

Swali la tatu ni la nyumba: kuta na paa ni za namna gani? Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti si mahali pa kujikinga na kimbunga, hata ikiwa juu mlimani. Nyumba ya matofali ya saruji yenye mkanda wa zege juu ya kuta, na kenchi zilizofungwa imara kwenye mkanda huo, ina uwezekano mkubwa wa kustahimili. Kati ya hizo mbili zipo nyumba nyingi za matofali zenye bati lililopigiliwa misumari michache. Udhaifu wake uko kwenye paa. Bati la pembeni likianza kuinuka, upepo huingia chini yake na kulifumua paa zima. Mti mkubwa wenye kuegemea nyumba nao uhesabiwe kuwa sehemu ya udhaifu huo.

Swali la nne ni la watu: nani ndani ya nyumba hawezi kukimbia? Mzee asiyetembea, mtoto mchanga, mtu mwenye ulemavu, mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu, na anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wote wanahitaji muda mrefu zaidi. Kaya yenye mtu wa namna hii iondoke siku moja kabla ya wengine, si saa moja.

Kaya ambayo jibu la swali la kwanza ni ndiyo, haina haja ya kuendelea kujadiliana: ihame. Kaya iliyo juu ya maji, yenye njia isiyokatika na nyumba imara, ina sababu nzuri ya kubaki. Zilizo katikati zipime, na zikiwa na shaka zichague upande wa tahadhari.

Kubaki pia kwaweza kuwa uamuzi sahihi

Yafaa isemwe wazi kwamba kuhama si jibu la kila mtu. Septemba 2005 kimbunga Rita kilipokuwa kikielekea Texas nchini Marekani, mamilioni ya watu waliondoka kwa wakati mmoja, wengi wao kutoka sehemu za Houston ambazo hazikuwa katika hatari ya bahari. Barabara zilijaa magari kwa saa nyingi katika joto kali. Basi lililobeba wazee liliungua na kuua 23 kati yao. Kwa hesabu zilizofanywa baadaye, waliokufa katika safari ya kukimbia walikuwa wengi kuliko waliouawa na kimbunga chenyewe. Wasiopaswa kuhama waliwazibia njia waliopaswa.

Somo kwa kata yoyote ni hilo hilo. Aliye kwenye nyumba imara ya mwinuko akibaki, huacha nafasi katika magari na katika vituo vya hifadhi kwa wale walio mabondeni. Afadhali zaidi, anaweza kuwapokea. Kuhama hakumaanishi safari ya kwenda wilaya nyingine. Mara nyingi kunamaanisha kutembea kilomita 1 au 2 hadi kwa ndugu aliye juu, au hadi shule, msikiti, kanisa au ghala lililokaguliwa na kuonekana linafaa. Kaya isiyo na nauli huona kuhama ni jambo la wenye uwezo. Ikielezwa kwamba mwendo wenyewe ni wa miguu, hesabu hubadilika.

Saa ya kuondoka

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa zake kwa ngazi 3: angalizo, lenye rangi ya njano, tahadhari, yenye rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, yenye rangi nyekundu. Kila ngazi ina kazi yake nyumbani.

Wakati wa angalizo, kaya hufuatilia taarifa, hutayarisha mzigo, na kuwapigia simu walio mbali. Wa kwanza kuarifiwa wawe wavuvi walio dago katika visiwa, kwa kuwa simu zao hazipatikani kila saa na safari yao ya kurudi ni ndefu. Wakati wa tahadhari, vyombo vya uvuvi hupandishwa juu kupita alama ya maji makuu na kufungwa, na watu wasioweza kukimbia huanza kuhamishwa. Inapotolewa tahadhari kubwa, au viongozi wanapotamka kwamba eneo fulani lihame, walio mahali pa maji huondoka wote.

Mpaka wa mwisho ni wa kuonekana kwa macho. Upepo ukianza kutikisa matawi makubwa ya miti, maana yake umefikia kilomita 40 hadi 50 kwa saa, na muda wa kusafiri salama umekaribia kwisha. Ikiwa kimbunga kinatazamiwa usiku, kuondoka kuwe kumekamilika kabla ya jua kuzama. Atakayechelewa asijaribu kuvuka maji. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yenye kina cha sentimita 60 huweza kuibeba gari. Dereva wa bodaboda hana nguvu kuliko gari.

Wengine huuliza kwa nini watu wahamishwe siku 2 kabla, wakati utabiri bado unaweza kubadilika. Sababu ni kwamba utabiri wa siku 3 kabla unaweza kukosea mahali pa kutua kwa zaidi ya kilomita 100. Anayengoja uhakika ataupata saa chache tu kabla, na saa hizo hazitoshi kumbeba mzee, kukusanya watoto na kuvuka daraja. Kwa hiyo katika kila kimbunga wapo watakaohama na kukuta hakuna kilichotokea. Hao hawakudanganywa. Walilipa gharama ya usiku mmoja nje ya nyumba ili wasilipe gharama isiyolipika.

Mambo yanayowafanya watu wabaki

Aghalabu, anayekataa kuhama si mtu mkaidi, bali ana sababu. La kwanza ni mali. Nyavu, mashine ya boti, mbuzi, magunia ya mpunga na vyombo vya ndani ni jasho la miaka. Hofu ya wizi ni hofu halali, na haiondolewi kwa kuipuuza. Dawa yake ni ulinzi uliopangwa: mgambo na polisi jamii wazunguke maeneo yaliyohamwa mpaka pale upepo utakapowalazimu nao kujikinga, na warudi wa kwanza utakapotulia. Wezi hawatembei katikati ya kimbunga. Mifugo isifungwe kamba wala kufungiwa zizini. Ipelekwe mwinuko, au ikishindikana iachiwe huru ijitafutie.

Kuna desturi ya familia kuondoka na kumwacha mwanamume mmoja kulinda nyumba. Katika nyumba iliyo mahali pa maji, huyo mmoja halindi chochote, kwa maana maji hayazuiwi na mlinzi. Anachofanya ni kuwalazimu waokoaji waingie katika hatari kwa ajili yake.

La pili ni ruhusa. Mwaka 1991 kimbunga kilipiga Bangladesh na kuua watu wapatao 138,000, na wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume. Miongoni mwa sababu zilizobainika ni kwamba wengi wao walikuwa nyumbani na watoto, na baadhi walingoja waume zao warudi ndipo waondoke. Katika vijiji vya pwani ya Tanzania hali hii inaweza kutokea kwa urahisi. Baba anaweza kuwa dago, au shambani akilinda mpunga, na simu yake haina mtandao. Kila kaya ikubaliane mapema kwamba tahadhari kubwa ikitolewa, mtu mzima aliyepo nyumbani ana mamlaka kamili ya kuondoka na watoto, na pahali pa kukutania pajulikane. Mume aliyesema neno hilo mapema ameilinda familia yake hata akiwa mbali.

La tatu ni kumbukumbu ya tahadhari zilizopita bila madhara. Bangladesh hiyo hiyo inatoa jibu. Mwaka 1970 kimbunga kiliua humo watu wasiopungua 300,000. Kuanzia 1972 nchi hiyo ilijenga mfumo wa watu wa kujitolea vijijini wanaopita na bendera na vipaza sauti, na baadaye majengo ya hifadhi yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Mwaka 2020 kimbunga Amphan kilipokuja, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na waliofariki nchini humo walihesabika kwa makumi. Nchi hiyo haikupata teknolojia ya kuzuia upepo. Watu wake walizoea kuhama, pamoja na mara zile ambazo kuhama kwao hakukuhitajika.

Maandalizi ya anayehama na ya anayebaki

Anayehama abebe mzigo mwepesi: maji ya kunywa, angalau lita 3 kwa mtu kwa siku, chakula kisichohitaji kupikwa, dawa za wagonjwa za wiki 2, kadi ya kliniki, kitambulisho cha taifa, vyeti na hati za nyumba au shamba vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, tochi, redio na simu iliyojaa chaji, nguo kavu na blanketi. Kabla ya kufunga mlango azime umeme katika swichi kuu, afunge mtungi wa gesi, na amwambie jirani au mwenyekiti wa kitongoji anakokwenda, ili asije akatafutwa katika maji asimokuwamo.

Anayebaki ana kazi zaidi, siyo pungufu. Nazi na makuti makavu yaanguliwe, matawi yanayolala juu ya paa yakatwe, na vitu vyote vilivyo uani viingizwe ndani. Misumari ya bati iongezwe kwenye kingo za paa siku za utulivu, si upepo ukishaanza, kwa maana mtu aliye juu ya paa wakati huo ni majeruhi anayengoja wakati. Maji yahifadhiwe kwenye ndoo na madumu yenye vifuniko. Upepo ukiwa mkali, watu wakae katika chumba cha ndani chenye kuta imara, mbali na madirisha.

Likumbukwe pia jicho la kimbunga. Katikati yake kuna eneo tulivu, na likipita juu ya kijiji upepo hukoma ghafla, pengine hata jua huonekana. Utulivu huo huweza kuwa wa dakika chache au zaidi, kisha upepo hurudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ile ile. Wengi waliotoka nje kukagua mapaa wamekutwa hapo. Mtu asitoke mpaka taarifa rasmi iseme kwamba kimbunga kimepita.

Baada ya kimbunga, aliyehama arudi kwa idhini ya viongozi wa eneo lake. Nyaya za umeme zilizoanguka zisiguswe. Kisima kilichoingiwa na mafuriko kihesabiwe kuwa kimechafuka. Maji yake yachemshwe au yatiwe dawa ya kutakasa. Baada ya Idai na Kenneth, kipindupindu kililipuka Beira na Pemba ya Msumbiji miongoni mwa watu waliokwisha salimika na upepo na maji.

Kikao cha nusu saa

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 iliweka kamati za maafa katika ngazi mbalimbali, kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Kwa hiyo kila mkazi ana mahali pa karibu pa kuuliza. Katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, mtaa au kata aulize mambo 3: eneo lake linahesabiwa kuwa la hatari au la, jengo gani limetengwa kuwa kituo cha hifadhi, na nani atawabeba wasioweza kutembea. Kama jibu la lolote kati ya hayo halijapatikana, kuuliza kwake kutaisukuma kamati ilitafute kabla ya masika, na huo ni msaada kwa kitongoji kizima.

Kisha kaya ikae nusu saa na kujibu maswali 4 yaliyoelezwa hapo juu: ardhi, njia, nyumba na watu. Mwisho wa kikao iwe na sentensi moja ambayo kila aliyemo, hata mtoto wa darasa la tatu, anaweza kuirudia: ikitolewa tahadhari kubwa, familia hii itabaki, au, familia hii itakwenda mahali fulani, kwa njia fulani, na fulani atamshika bibi mkono. Wakati wa dharura namba za kupiga ni 112 kwa polisi na 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kimbunga kinachokuja hakijapewa jina bado, wala haijulikani kitatua wapi. Nyumba zitakazokuwa katika njia yake, hata hivyo, zimekwisha jengwa, na wakazi wake wanajua tangu leo kama zimesimama mahali pa maji.